Mwanangu hupotea kila baridi ya Montréal: ni ulozi, ni uvivu au ni ugonjwa?

«Daktari, ninaishi Bukavu, Kadutu. Mwanangu wa pili ana miaka 27, alifika Montréal mwezi wa sita mwaka 2022. Miezi ya kwanza alikuwa anatupigia video karibu kila siku, anatuonyesha barabara, anacheka. Ilipofika mwezi wa kumi na moja akaanza kupotea. Simu hapokei, ujumbe anajibu baada ya siku nne kwa neno moja. Nikimpata ananiambia, 'Mama, nimechoka.' Analala masaa kumi na mawili na bado amechoka. Usiku anakula mikate na biskuti, hata uso umenenepa. Mwezi wa nne ukifika anarudi kuwa yule yule tunayemjua. Imekuwa hivyo baridi tatu sasa, na hii ya mwisho ilizidi, maana ndiyo ile vita ilipofika Goma na hapa kwetu. Kazi yake ni katika ghala, anaingia saa tisa mchana na kutoka saa tano usiku. Akiamka, kule ni saa sita mchana, huku kwetu tayari ni saa moja jioni. Shangazi yake anasema amelogwa. Mdogo wake anasema ni uvivu na maringo ya Ulaya. Pasta ametupangia siku za kufunga na anataka mtoto naye afunge. Rafiki yake wa kule amemwambia anunue taa. Taa inaponya nini, wakati nyumba yake ina umeme usiku na mchana? Na kama ni mawingu, sisi hapa mvua inatunyeshea kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, mbona hatuugui? Sasa mwezi wa kumi umeingia, ninaogopa simu itanyamaza tena.»

Mama, pole kwa mawazo hayo. Umeandika mengi, lakini mimi nimesimama kwenye sentensi moja: mwezi wa nne ukifika anarudi kuwa yule yule. Ungekuwa umekaa mbele yangu ningekuomba uirudie hiyo kabla ya nyingine zote. Uvivu haufuati kalenda. Mtu mvivu ni mvivu hata mwezi wa saba, jua likiwaka. Mwanao anaanguka majira yale yale na anainuka majira yale yale, miaka mitatu mfululizo, bila mtu kumfukuza kazi mwezi wa kumi na moja wala kumpa zawadi mwezi wa nne. Mwendo huo unajulikana na una tiba. Tunauita sonona ya majira, ni aina ya depresyo, yaani huzuni ya ugonjwa, inayokuja na miezi ya giza na kuondoka nayo.

Niseme wazi kwamba siwezi kumwandikia mwanao jina la ugonjwa kwa barua ya mzazi. Hilo ni la daktari atakayekaa naye, amsikilize na kumpima. Ninachoweza ni kukueleza jambo hili lilivyo, ili utakapoongea naye tena uwe unajua unaongea na mtu wa namna gani.

Kwanza ujue kwamba yaliyompata si ya kwake peke yake. Ugonjwa huu ulielezwa rasmi mwaka 1984 na daktari wa akili aitwaye Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani. Rosenthal ni mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini. Alihamia Marekani mwaka 1976, na baridi ilipofika aliona nguvu zake zinapungua na kazi inamlemea kwa namna ambayo hakuwahi kuijua nyumbani; majira yalipogeuka akawa mzima. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, aliyeuchunguza ugonjwa huu alikuwa mtoto wa Afrika aliyehamia kaskazini. Mmoja wa wagonjwa waliowafungua macho watafiti hao alikuwa mhandisi ambaye kwa miaka mingi alikuwa anaandika kwenye daftari jinsi moyo wake unavyopanda na kushuka, mpaka akaona mwenyewe kwamba unafuata urefu wa mchana. Daftari hilo nitalirudia.

Sasa tuingie kwenye swali lako la mawingu, maana ni swali zuri kuliko unavyodhani. Watu wengi wanaamini kinachoumiza ni baridi yenyewe. Si baridi. Angalia ndugu zetu wa Lubumbashi: mwezi wa sita na wa saba wanaamka na makoti, mikono inakufa ganzi asubuhi, lakini mchana wao mfupi kuliko yote bado una karibu masaa 11 na nusu. Sisi Bukavu tuko karibu na ikweta kuliko wao. Kati ya mchana wetu mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote, tofauti haifiki dakika 20. Hakuna anayeiona. Mwaka mzima jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, na mwili wako, mama, umezoea hivyo tangu ulipozaliwa. Wa mwanao pia, kwa miaka yote aliyokaa nawe.

Montréal mchana wa mwezi wa sita una masaa 15 na dakika 40. Ule wa mwezi wa kumi na mbili una masaa 8 na dakika 40. Mtoto alifika mwezi wa sita. Alipokewa na mchana mrefu kuliko wowote alioujua, ndiyo maana alikuwa anatembea barabarani na simu mkononi akiwaonyesha mji. Halafu, wiki baada ya wiki, mchana ule ukaanza kumponyoka. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja kule wanarudisha saa nyuma kwa saa moja, na jioni inaingia mapema ghafla. Ifikapo Noeli jua linatoka saa moja na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na robo alasiri.

Weka sasa saa za kazi yake juu ya hizo. Anatoka ghalani saa tano usiku, anafika nyumbani, anakula, anaangalia simu, analala saa saba au saa nane. Anaamka saa sita mchana. Saa tisa anaingia ghalani, mahali ambapo mara nyingi hakuna dirisha. Kati ya kuamka na kuingia kazini ana masaa matatu ya mchana, na hayo anayapitisha kitandani, bafuni na ndani ya basi. Mwezi wa kwanza kijana kama huyo anaweza kumaliza wiki nzima bila jua kumgusa uso.

Kwa nini mwili ujali? Kwa sababu nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna chembe ambazo kazi yake si kuona sura za watu wala rangi. Kazi yake ni kupima mwanga na kupeleka habari ndani ya ubongo, kwenye kituo kidogo kinachoendesha saa ya mwili. Kituo hicho ndicho kinachoamua lini usikie usingizi, lini mwili upate joto, lini homoni ya usiku iitwayo melatonini imwagwe na lini ifungwe. Kila asubuhi kinahitaji mwanga mkali ili kijirekebishe, kama kijiji kinavyomsubiri jogoo. Jogoo akichelewa kuwika, kila kitu kinachelewa: mtu ameamka kwa macho, lakini ndani mwili wake bado uko usiku wa manane. Pamoja na hilo, kwa baadhi ya watu giza la miezi hiyo huvuruga namna ubongo unavyotumia serotonini, kemikali inayosaidia moyo usizame. Si kila anayehamia kaskazini anaugua, wengi wanapata uchovu tu na hasira kidogo. Lakini kwa aliye na mwelekeo huo katika mwili wake, kupungua kwa mwanga kunatosha kumwangusha.

Na mawingu yetu? Mwanga unapimwa kwa luksi. Sebule yenye taa usiku ina luksi 100 hadi 300. Ofisi yenye taa nzuri, kama 500. Mtu anayesimama nje Bukavu mchana, mawingu yamefunika mlima Kahuzi wote, bado mara nyingi anapata luksi 10,000 au zaidi, na jua likifunguka zinakaribia 100,000. Wewe unayekwenda soko la Kadutu, unayeanika nguo, unayekaa mlangoni kuchambua sombe, unakunywa mwanga huo kutwa nzima bila kujua, hata siku ya mvua. Ndiyo maana huugui. Na hapo ndipo lilipo jibu la umeme wake: nyumba yake ina taa, ndiyo, lakini kwa ile saa ya ndani ya mwili taa ya sebule ni giza tupu. Jicho linaona vizuri, saa haioni kitu.

Nataka pia uelewe ule uso ulionenepa, kwa sababu umewadanganya wengi. Hapa kwetu tunamtambua mtu mwenye huzuni ya ugonjwa kwa kukonda: hataki kula, hapati usingizi, macho yameingia ndani. Sonona ya majira mara nyingi huja kinyume chake. Mtu analala kupita kiasi, anatamani vitu vya wanga na sukari, mkate, wali, biskuti, anaongezeka kilo, mikono na miguu anaisikia mizito kana kwamba ameibeba. Familia inaona picha, inasema, «Huyu anakula vizuri, Ulaya imemkubali.» Naye anaona aibu kusema kwamba anaumwa, kwa sababu hata sura yake inamkana. Anapokwambia «Mama, nimechoka», mwamini neno kwa neno. Anakupa dalili ya kwanza ya ugonjwa wake.

Kuhusu ulozi, sitamgombeza shangazi. Anampenda mtoto na anatafuta sababu, kila mmoja wetu hutafuta. Ila fuata maneno yake mpaka mwisho: mlozi gani anayelegeza kamba kila mchana unaporefuka na kuikaza kila unapofupika, kwa huyu wa kwetu, na kwa Wakanada, Wabelgiji na Wafini wasiomjua hata mtu mmoja Kadutu? Ubaya wa neno hilo ni kwamba likimfikia mwanao litamwongezea woga juu ya uchovu, na litamfanya awakwepe hasa watu ambao sauti zao angezihitaji.

Kwa pasta nina ombi moja. Ombeni, mama. Maombi ya watu wanaompenda ni jambo jema na anapaswa kujua mnamwombea. Lakini mtoto asifunge kula, wala asiingizwe katika makesha ya simu yanayomkatia usingizi. Mwili wake umekwisha kupoteza mpangilio wa saa. Ukimwondolea chakula na usingizi unamsukuma chini zaidi. Nendeni kwa pasta na maneno hayo hayo. Anayechunga watu ataelewa.

Sasa taa. Rafiki yake hakukosea, ila asinunue taa yoyote yenye kung'aa. Kuna taa zilizotengenezwa kwa tiba hii, zinazotoa luksi 10,000 na kuzuia miale ya urujuanimno (UV) inayodhuru macho. Kwenye karatasi ya taa lazima iandikwe hizo luksi 10,000 zinapatikana kwa umbali gani, kwa sababu nyingine ndogo za bei rahisi zinazitoa ukiwa umebandika uso tu. Inawekwa mezani, kama sentimita 40 hadi 60 kutoka usoni, juu kidogo ya macho au pembeni. Mtu hakodolei taa macho. Anakunywa chai, anasoma, anakula, macho yakiwa wazi. Dakika 20 hadi 30, kila siku, mapema baada ya kuamka. Saa ya kuitumia ni muhimu kama taa yenyewe. Akiiwasha usiku atafukuza usingizi na kuichelewesha zaidi ile saa ambayo tayari inachelewa. Wengi huanza kusikia tofauti ndani ya wiki moja au mbili. Wakiacha, dalili hurudi, hivyo inaendelea mpaka majira yageuke. Kwa mtu kama mwanao, anayejua baridi inamfanya nini, ni vema aanze mapema, dalili za kwanza zinapobisha hodi, asingoje mpaka ashindwe kutoka kitandani.

Si uchawi, na si ya kila mtu. Inaweza kuleta maumivu ya kichwa, macho kuchoka, kichefuchefu kidogo. Mara nyingi hupungua akiisogeza mbali au akipunguza dakika. Mwenye ugonjwa wa retina, mwenye kisukari kilichogusa macho, au anayetumia dawa zinazofanya ngozi na macho kuungua haraka na mwanga, aone daktari kwanza. Na kuna swali moja ambalo ni wewe tu unayeweza kunisaidia kulijibu: mwezi wa nne anarudi namna gani? Anarudi kuwa yeye, au anapitiliza? Kama kuna wakati halali kabisa na hachoki, anaongea bila kupumua, anatumia pesa ovyo, anaanza mipango kumi kwa siku moja, hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa bipola, na kwa mtu huyo taa au dawa ya sonona bila daktari inaweza kuwasha moto. Fikiria vizuri, uwaulize na wadogo zake. Jibu hilo daktari wa kule atalihitaji.

Dawa zipo pia. Mwaka 2006 madaktari wa Kanada walichapisha utafiti wa watu 96 wenye sonona ya majira: nusu walipewa taa ya luksi 10,000, nusu fluoksetini, dawa ya kawaida ya sonona. Kila upande, kama theluthi mbili walipata nafuu nzuri. Yaani asiyeweza kukaa mbele ya taa kila siku hajakosa njia, na aliyezama sana anaweza kuhitaji vyote viwili. Mwaka huo huo Marekani iliruhusu dawa iitwayo bupropioni itumike kuzuia ugonjwa huu kabla haujaanza. Hakuna mojawapo ya hizi inayonunuliwa bila daktari, wala kutumwa ndani ya begi la msafiri.

Njia ambayo mimi binafsi ninaipenda kwa vijana walio mbali na kwao ni mazungumzo na mwanasaikolojia, yale yanayomfundisha mtu kuzitambua fikra za baridi («sifai kitu, nimewaangusha nyumbani») na kujilazimisha kwa hatua ndogo kufanya vitu vinavyomrudishia uhai. Mtafiti Kelly Rohan wa Vermont, Marekani, alilinganisha njia hii na taa kwa watu 177. Wakati wa tiba zote mbili zilisaidia sawa. Lakini baridi ya pili baada ya tiba, waliotibiwa kwa taa karibu nusu waliugua tena. Waliofundishwa kwa mazungumzo walikuwa robo na kidogo zaidi. Taa ni lazima iwashwe kila mwaka. Alichojifunza mtu anabaki nacho. Ugumu ni kwamba mazungumzo yanadai wiki nyingi, na yanadai lugha ambayo moyo wake unaongea. Kifaransa chake kitatosha kwa wengi. Kama hakitoshi, aulize mkalimani bila aibu.

Vitamini D: ngozi nyeusi huitengeneza polepole, na jua la baridi la Montréal ni dhaifu mno kuisaidia, hivyo daktari anaweza kuona inafaa aimeze kwa ajili ya mifupa na afya kwa jumla. Asitegemee kwamba hiyo peke yake itamwondolea sonona, ushahidi wa hilo ni mdogo. Pombe, ambayo wengi wanaikimbilia usiku mrefu, inazidisha yote. Kutoka nje mchana, hata dakika 30, hata kwenye theluji na mawingu, kunasaidia kweli, na ni bure. Na tafadhali aende apimwe damu. Upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyolegea huleta uchovu unaofanana kabisa na huu, na vyote viwili hutibika.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Umeandika kwamba baridi ya mwisho ilizidi. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na mwezi wa pili ikawa zamu ya Bukavu. Kijana aliyekwisha kulemewa na giza la mwezi wa kwanza alikuwa amekaa peke yake chumbani, akitazama kwenye simu barabara za kwao, akijaribu namba yako isiyopokelewa. Hilo taa haiwezi kulibeba. Woga, majonzi, hatia ya kuwa salama wakati ninyi hamko salama, hayo si ugonjwa wa majira na yasifunikwe na jina hilo. Kipimo changu ni rahisi: kama mwezi wa saba, mchana ukiwa mrefu, bado alikuwa anashtuka usingizini, anakwepa habari za nyumbani au analia bila sababu, basi kuna jeraha la pili, na amweleze daktari mambo yote mawili. Akisema tu «baridi inanichosha», atapewa taa na atarudi nyumbani na nusu ya mzigo wake.

Wewe uliye Bukavu una la kufanya, tena kubwa. Kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja hadi katikati ya mwezi wa tatu, sisi tunawatangulia kwa masaa saba. Huku ikiwa saa kumi alasiri, Montréal ni saa tatu asubuhi. Patana naye kwamba saa hiyo ndiyo utampigia, si saa mbili usiku mnapokaa baada ya chakula. Simu yako imwamshe. Akilala saa saba na nusu, saa tatu atakuwa amelala masaa saba na nusu, inatosha. Mwambie afungue pazia, awashe taa yake, aweke simu mezani, na ninyi muendelee na kazi zenu huku anawatazama: mnapepeta mchele, watoto wanafanya kazi za shule. Hana haja ya kuongea. Dakika 25 zikiisha, avae koti atoke nje kabla ya kujiandaa kwa kazi. Mama mmoja kwa simu moja anaweza kumpa mtoto wake mwanga, saa ya kuamka na sauti ya nyumbani kwa wakati mmoja. Siku ambazo mtandao wetu hautaki au umeme umekatika, ndugu aliyeko Bujumbura au Kigali, au yeyote mliye naye nje, apige kwa zamu.

Maneno ya kuepuka unayajua: «Kaza moyo, wewe ni mwanaume.» «Sisi huku tuko kwenye vita, wewe unalalamika nini?» Hili la pili ni kweli kwa nusu, na ndiyo maana linachoma sana, yeye mwenyewe anajiambia kila usiku. Mwambie badala yake: «Tumeelewa kwamba ni ugonjwa. Hatujakasirika. Jibu hata kwa herufi moja.» Mdogo wake anayesema ni maringo, msomee barua hii.

Na pesa. Ninajua Noeli inavyokuwa, na ada za shule zinavyosubiri. Lakini kama familia kaeni mkubaliane kwamba kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu maombi ya pesa yanapitia kwa mtu mmoja, ambaye atayapunguza, na kwamba simu ya saa kumi haitaji pesa kamwe. Akianza kuogopa jina la mama yake likitokea kwenye kioo, hatapokea.

Kumrudisha Bukavu? Wiki mbili za jua mwezi wa kwanza zinaweza kumwinua, lakini akirejea kule giza linamngoja pale pale, na tiketi inakula pesa ya taa na ya mwaka mzima wa matibabu. Kama makaratasi yake ni ya ukimbizi, safari ya kuja Kongo inaweza kumharibia; asikate tiketi bila kumuuliza mwanasheria.

Kuna mambo ambayo hayasubiri taa wala simu ya saa kumi. Akisema amechoka kuishi, kwamba mngekuwa afadhali bila yeye. Akianza kugawa vitu vyake au kuaga kwa namna isiyo ya kawaida. Akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Akiacha kula na kunywa au kwenda kazini kwa siku nyingi. Muulize waziwazi: «Mwanangu, unafikiria kujiua?» Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, mara nyingi humfungulia mlango aliokuwa anautafuta. Kanada nzima kuna namba 988, usiku na mchana, kwa Kifaransa na Kiingereza, kwa ajili ya mtu mwenye mawazo ya kujiua au anayemhofia mwenzake. Hatari ikiwa ya sasa hivi, ni 911. Kwa mambo yasiyo ya dharura, aliye Québec anapiga 811 na kuchagua 2, anaongea na mhudumu wa masuala ya kijamii na kisaikolojia, ambaye anaweza kumwelekeza kwa daktari au kituo cha karibu. Namba hizi zinapigwa kutoka kule, wewe huwezi kuzipiga kutoka Bukavu. Kwa sababu hiyo, wiki hii kabla ya kitu kingine, pata namba za watu wawili wanaoishi karibu naye: yule rafiki wa taa, na mtu wa kanisani au jirani mwenye ufunguo. Mweleze mwanao kwamba umezichukua na kwa nini. Akikaa siku mbili bila kujibu hata herufi moja, mmoja wao aende kugonga mlango.

Wakati huo huo mwambie anunue daftari. Kila siku mistari mitatu: amelala masaa mangapi, ametoka nje au hakutoka, moyo wake ni namba ngapi kati ya 1 na 10. Alianze leo, mwezi wa kumi, wakati bado anajisikia vizuri, na aende nalo kwa daktari. Miadi kule huchukua muda, kwa hiyo aiombe sasa. Na wewe mama, kama mwezi wa pili ulikuachia usiku usiolalika, au moyo unaodunda kila ukisikia kishindo, hilo nalo ni la kutibiwa. SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Mabradha wa Upendo hapa Bukavu, kinapokea watu kama wewe. Aliyeko Goma ataenda Tulizo Letu, kituo cha namna hiyo hiyo cha kule. Nenda kabla ya baridi ya kule kuanza, ili saa kumi ikifika uwe na nguvu za kupiga simu.